Ile D ya Kidato cha Kwanza

Nimekuwa kimya wiki tatu, hifadhidata ya mteja mmoja ilinitoa jasho. Leo tuache mambo ya programu kidogo tuongee shule, ingawa mwishoni nitarudi kwenye programu, mnanijua.

Mwaka 2004 niliingia Kidato cha Kwanza katika shule ya kutwa upande wa Likoni. Muhula wa kwanza nikapata D. Wa pili, D+. Sababu yenyewe si ya ajabu: sikuwa darasani. Serikali ilianza kugharamia masomo ya sekondari ya kutwa mwaka 2008, mimi nikiwa nimeshamaliza. Kabla ya hapo orodha ya wadaiwa ikisomwa, jina langu halikukosa. Nikirudishwa nyumbani nilishinda karibu na feri, mamangu akikaanga viazi karai, mimi nikipokea pesa. (Hesabu za chenji nilizijua vizuri kuliko aljebra.)

Kidato cha Tatu mjomba akapata kazi ya kudumu bandarini, akanilipia. Nikakaa darasani. KCSE ya 2007 nikapata A-, nikaitwa Juja kusoma sayansi ya kompyuta. Hakuna mtu aliyeniuliza kuhusu ile D. Wakati huo JAB ndiyo iliyopanga wanafunzi vyuoni, nayo iliangalia KCSE tu. KUCCPS iliyoirithi kazi hiyo ni vivyo hivyo. Nimewahi kuandika programu ndogo ya kukokotoa pointi za klasta kwa vijana wa Kisauni: unaingiza masomo manne ya klasta, na jumla ya masomo saba ambayo upeo wake ni 84. Mahali pa kujaza ulivyokuwa Kidato cha Kwanza hapapo.

Rafiki yangu aliyeomba chuo Marekani alikuta mambo tofauti. Kule walitaka rekodi za miaka yote minne. Yeye pia alikuwa na D zake, ikabidi aeleze kwenye barua yake kilichotokea. Alipata nafasi, lakini alilazimika kujieleza. Mimi sikulazimika.

Sasa njooni kwenye mfumo mpya. KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa 2027. Mtoto wa leo anapangiwa sekondari ya juu kwa alama zilizokusanywa hivi: mtihani wa Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na mtihani wa Gredi ya 9 asilimia 60. Kundi la kwanza lilipita humo mwaka 2025. Ukikosa shule yenye maabara na mkondo wa sayansi hapo, uhandisi na udaktari unausikia redioni.

Mpwa wangu yuko Gredi ya 8 huko Changamwe. Gredi ya 6 ilimpata nyumbani kukiwa na msukosuko, na Gredi ya 7 haikuwa bora. Juzi akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo nishachelewa?"

Nikafanya hesabu. Tuseme sehemu mbili za mwanzo ana 50, halafu Gredi ya 9 ajikaze apate 90. Inakuja 10, jumlisha 10, jumlisha 54: ni 74. Anajua masomo ya Gredi ya 9 kwa 90, lakini karatasi inasema 74, kwa sababu ya mambo yaliyompata akiwa na miaka 12.

Najua mtanijibu kwamba mtihani mmoja nao ni ukatili. Ni kweli. Nilisoma na kijana aliyekuwa akinishinda kila muhula, malaria ikamlaza wiki ya KCSE, basi. Kwa hiyo sisemi tathmini za awali zifutwe. Nasema zimlinde mtoto, zisimfunge. Kokotoa mara mbili: wastani wa zote, na mtihani wa mwisho peke yake. Iliyo kubwa ndiyo yake. Kwa mwandishi wa programu huo ni mstari mmoja, tena mfupi. Mwanafunzi aliyeugua siku ya mtihani anaokolewa na wastani, na aliyechelewa kuamka kama mimi anaokolewa na mtihani.

Wenye walimu wa Gredi ya 9 majumbani, niambieni nimekosea wapi. Mpwa wangu nimemwambia hajachelewa, ila 90 haitoshi tena, atafute 95. Jumamosi anavuka kuja kwangu na vitabu vya hisabati.