Miwani Ichaguliwe kwa Kipimo

Hivi karibuni tulihudhuria zoezi la kupima macho katika kijiji kimoja cha Pemba. Watu walikuwa wengi na wapimaji waliifanya kazi yao kwa moyo. Hata hivyo, juu ya meza ya kugawia miwani yalikuwapo makasha mawili, moja limebandikwa karatasi iliyoandikwa "Wanaume" na jingine "Wanawake". Mzee mmoja, mshona kofia wa miaka mingi, alizijaribu fremu zote za kasha la kwanza, na kila moja ilimteremka hadi ncha ya pua. Katika kasha la pili ilikuwamo moja iliyomkaa barabara: nyeusi, haina ua wala nakshi. Akaivaa, akatunga uzi kwenye sindano mara moja, akatabasamu. Kijana mmoja pembeni akamwambia kwamba hiyo ni ya bibi. Mzee akaivua, akairejesha, akaenda zake mikono mitupu.

Kijana yule hatumlaumu sana. Alisoma kilichoandikwa. Lawama yetu ni kwa waliobandika karatasi zile pasipo kufikiri.

Atazamaye ndani ya mkono wa fremu aghalabu atakuta tarakimu tatu zimechapwa, tuseme 52, 18 na 140. Ya kwanza ni upana wa kioo, ya pili ni nafasi ya daraja likaalo juu ya pua, na ya tatu ni urefu wa mkono hadi nyuma ya sikio, zote kwa milimita. Tarakimu ya nne itajayo mume au mke haipo. Pua nyembamba hutaka daraja jembamba, na uso mpana hutaka kioo kipana, awe mwenye uso huo ni nahodha au mkunga.

Liko na jambo la umbali baina ya mboni mbili za macho, kwa kuwa kitovu cha kila kioo chapasa kuielekea mboni yake. Kikikaa kando sana, mvaaji huchoka macho na kuumwa kichwa. Vipimo vya askari wa Marekani vya mwaka 1988 vilionyesha wastani wa milimita 64.7 kwa wanaume na 62.3 kwa wanawake. Tofauti hiyo haifiki hata milimita 3, ilhali baina ya mwanamume na mwanamume mwenziwe mara nyingi tofauti huwa kubwa kuliko hiyo. Basi karatasi ya "Wanaume" imempimia nani?

Wanawake nao hawakusalimika. Mama avaaye ushungi huhitaji fremu yenye mikono myembamba na iliyonyooka, ipate kupenya chini ya kitambaa bila kulikandamiza sikio. Siku ile fremu za namna hiyo tulizikuta kwa wingi katika kasha la wanaume, na akina mama wakapewa zenye mikono minene iliyopambwa vito vya bandia. Msuka ukili ashindaye ameinama juu ya kazi yake ana haja gani na vito puani?

Wapo watakaotukumbusha, na haki wanayo, kwamba dini inamkataza mwanamume kujifananisha na mwanamke, na mwanamke kujifananisha na mwanamume. Hatubishani na hilo, na kauli ni ya wanazuoni. Tunalosema ni kwamba fremu nyeusi isiyo na pambo haigeuki vazi la kike kwa sababu tu karani wa ghala aliitia katika kasha fulani. Miwani ilipotokea Italia mwishoni mwa karne ya 13 ilikuwa chombo cha kumsaidia mtu kuona. Mitindo ya kike ilikuja baadaye sana. Fremu iliyochongoka pembeni kama jicho la paka, kwa mfano, ilibuniwa na msanii wa Marekani, Altina Schinasi, katika miaka ya 1930. Apendaye mapambo na ayanunue dukani kwa fedha yake. Miwani ya zahanati ni dawa.

Na dawa hii ina faida kubwa. Mtu akifika miaka 40 hivi, macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria watu milioni 826 wenye tatizo hilo ambao hawajasaidiwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 juu ya wachumaji chai wa Assam, India, ulionyesha kuwa waliopewa miwani ya kuonea karibu, tija yao ilipanda kwa takribani asilimia 22 zaidi ya wenzao wasiopewa. Kazi ya kofia, ukili na cherehani katika visiwa vyetu ni ya macho kuliko hata uchumaji chai.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa manunuzi, wanapoagiza miwani, wasiandike pea kadhaa za kiume na kadhaa za kike. Waandike upana wa kioo, nafasi ya daraja na urefu wa mkono, na waagize vipimo vidogo, vya kati na vikubwa. Wakumbuke pia hewa yetu ya chumvi, ambayo huila haraka fremu ya chuma hafifu. Kila kituo kipewe rula ya kupimia mboni. Gharama yake ni ndogo mno hata hatuoni sababu ya kuisubiria bajeti.

Kuhusu makasha yale mawili, karatasi zibanduliwe kabla ya zoezi lijalo, na kioo cha kujitazamia kiwekwe nyuma ya pazia, mbali na macho ya vijana wenye maneno. Naye mzee wetu wa kofia aitwe tena. Fremu yake tuliiacha mle mle ndani ya kasha.