Makombe ya mzee si ulozi



Juma lililopita watoto wa kalasi yetu walitujia mbio: «Mwalimu, yule mzee ni mlozi!» Walimsema mzee mmoja wa mtaa anayekaa peke yake. Kila asubuhi anapanga makombe ya ziwani juu ya kipande cha ubao, anayagusa moja moja, midomo ikicheza. Mama mmoja alikuwa amekwisha kumkataza mtoto wake kupita pale.

Tulikwenda kumsalimu. Kumbe kila kombe ni jina. Hili ni mama yake, haya ni wadogo zake, lile kubwa ni kijiji alikozaliwa. Anaogopa kuwasahau, basi kila siku anawaita.

Tulikumbuka lukasa ya Waluba, jirani zetu na ndugu zetu hapa Tanganyika. Ni ubao mdogo unaoenea mkononi, umepambwa kwa ushanga na makombe. Jina lake maana yake ni «mkono mrefu». Ulikuwa wa watu wa chama cha Mbudye, na wenye kujua kuusoma waliitwa bana balute, yaani watu wa kumbukumbu. Waliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kuume kikapita juu ya ushanga. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ulikuwa mfalme na watu wake. Mstari wa ushanga ulikuwa njia. Hivyo walisimulia habari za Nkongolo Mwamba, za Mbidi Kiluwe na za Kalala Ilunga, bila karatasi hata moja.

Mtu asiyejua angeona mzee anayesema na mti. Lakini mzee yule alikuwa mwalimu, na ubao ule ulikuwa kitabu chake. Mwaka 1996 wataalamu Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walitengeneza maonyesho makubwa kule New York juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu. Watu wa mbali walisimama kutazama kwa heshima vitu ambavyo sisi tunaweza kuvitupa motoni.

Wamama, neno «mlozi» ni jepesi mdomoni, lakini likishatoka halirudi. Linamfukuza mzee nyumbani, linamnyima maji na salamu, na mara nyingine linaleta mawe. Kabla ya kulisema, twende tuulize: «Baba, hiki ni nini?» Na watoto wetu watusikie tukiuliza.

Tena tujaribu kitu nyumbani. Chukua kipande cha ubao au katoni, na vifungo vya nguo, mbegu au makombe. Mtoto aweke kifungo cha baba, cha mama, cha bibi na babu, cha kijiji cha ukoo, cha mtaa tunaokaa. Kila jioni akiguse na kutaja jina lote. Katika miaka hii ya kukimbia vita na maji ya ziwa, mtoto anayejua majina ya watu wake hapotei kwa urahisi.

Yule mzee sasa ana wageni. Jana watoto watatu walimpelekea makombe mapya, naye akawauliza: «Haya tuyape majina ya nani?» Wakataja majina yao wenyewe.

Tuonane juma lijalo.