Nani aliiba umeme wa usiku?

Leo niko na deni, na deni lenyewe ni la hesabu. Wale wasiopenda hesabu wasikimbie. Hata mimi katika chuo cha Biblia sikufundishwa mambo haya. Nilifundishwa na mtoto wangu mwenyewe, mwanafunzi wa ufundi wa umeme, Jumamosi moja mvua ikinyesha.

Mwaka wa 2016 akina mama wa kanisa letu, hapa Masisi, walichanga pesa wakanunua bateri mpya ya voliti 12 na pano ya jua kwa ajili ya chumba cha kuzalishia. Ninyi mnajua mambo ya huku: mama anashikwa na uchungu saa nane ya usiku, na mkunga anashika simu kwa meno ili aone mikono yake. Tuliweka taa nne. Majuma mawili yakaenda vizuri. Halafu mimi, mwenye akili nyingi, nikatoa bateri yangu ya zamani chini ya kitanda, nikaifunga pembeni ya ile mpya: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Nilifikiri nimeongeza nguvu.

Haikupita mwezi, taa zikaanza kuzimika mapema. Nani anakula umeme? Wachimbaji wanapita pale kila jioni wakitafuta pahali pa kuchajisha simu, na wanalipa. Basi macho yote yakaenda kwa mlinzi. Nilimwambia mbele ya wazee: «Baba, wewe unauza umeme wa wagonjwa.» Alikataa. Tukamsimamisha kazi. Taa ziliendelea kuzimika vilevile, na hakuna aliyejiuliza sababu.

Mtoto wangu alipokuja likizo, alipima kila bateri peke yake. Mpya: voliti 12,6. Ya zamani: 11,4. Kisha akawasha taa kwa bateri moja moja na kuangalia voliti zimeshuka kiasi gani. Hapo akajua ukinzani wa ndani, ndiyo ile hali ya bateri kuuzuia umeme wake yenyewe. Akapata om 0,1 kwa mpya na karibu om 0,3 kwa ya zamani. Ampuli zetu zilikuwa zile za zamani zenye waya ndani, kila moja om 12, kwa hiyo zote nne pamoja ni om 3. (Taa za LED hazihesabiwi kwa urahisi hivi, tuziache.)

Akachora kama dirisha lenye vioo viwili. Mti wa kushoto ni bateri mpya, wa katikati ni ya zamani, wa kulia ni taa. «Baba,» akasema, «usifuate kila waya. Fikiri kuna mkondo unaozunguka kila kioo, kama mtu anayezunguka uzio.» Kila kioo ni kitanzi. Mkondo wa kitanzi cha kwanza tukauita m, wa pili n. Mti wa katikati ni wa vitanzi vyote viwili: m unashuka pale, n unapanda. Kwa hiyo kinachopita kweli katika bateri ya zamani ni m kutoa n. Njia hii inahesabiwa kuwa ya Maxwell, mtaalamu wa Scotland, nayo inasimama juu ya sheria aliyoandika Mjerumani Kirchhoff mwaka wa 1845, akiwa bado mwanafunzi.

Sheria yenyewe, mtu wa milima ya Masisi anaielewa upesi. Ukitoka nyumbani, ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, ukirudi mlangoni uko kwa urefu uleule. Voliti pia hivyo: ukizunguka kitanzi kizima, mapando na mashuko yanalingana.

Kitanzi cha kwanza: tunapanda 12,6 katika bateri mpya, tunashuka 11,4 katika ya zamani; inabaki 1,2, na hiyo inaliwa na ukinzani wa bateri zote mbili:
0,4 m − 0,3 n = 1,2
Kitanzi cha pili, cha bateri ya zamani na taa:
3,3 n − 0,3 m = 11,4

Mstari wa kwanza unasema m ni 3 na 0,75 n juu yake. Tia hiyo katika mstari wa pili, utapata 3,075 n = 12,3. Basi n ni ampea 4, na m ni ampea 6.

Nilisoma mara mbili. Bateri mpya inatoa 6. Taa zinachukua 4. Zile 2 zinaingia katika bateri yangu ya zamani, ile niliyoileta isaidie! Haisaidii hata kidogo, inakula. «Sasa zima taa,» mtoto akasema. Kitanzi cha pili kinakatika, n inakuwa sifuri, na m inabaki 1,2 kugawanya kwa 0,4, ni ampea 3. Watu wote wamelala, taa zimezimwa, na ampea 3 zinatembea. Bateri nzima ya kando ingejaa na kutulia, lakini yangu ilikuwa mgonjwa ndani, haikushika. Kwa saa 10 ni ampea-saa 30, nusu ya bateri yetu ya 60.

Ajabu ni hii: kaseterite ya Bisie kule Walikale inatoa bati la kulehemu nyaya, na koltani ya Rubaya hapa kwetu inatoa tantali ya kondensa ndogo za simu. Mashine za dunia zinafungwa kwa udongo wetu, na mimi nimeshindwa kufunga bateri mbili.

Kama unataka kuunganisha namna hii, chagua bateri za aina moja, za umri mmoja, na upime voliti kwanza. Kama ya zamani bado iko na uzima kidogo, ipe taa yake mwenyewe. Na fyuzi karibu na chanya, usisahau.

Jioni ile nilitoa bateri yangu, kisha nikaenda kwa mlinzi na karatasi ya hesabu mkononi. Aliiangalia muda mrefu. Akauliza: «Pasta, kwa hesabu hii, mushahara ya miezi miwili iko kwa kitanzi gani?» Tulimlipa Jumapili iliyofuata, mbele ya wazee walewale, na mwaka mzima yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku la bateri.