*TAARIFA YA TAWI: NYUMBA YA MTUMISHI ISIWE FRIJI*



Julai hii baadhi yetu tuliingia kwenye nyumba ya mwalimu iliyojengwa kwa fedha za serikali, kata moja ya huku juu. Nyumba ni mpya, bati linang'aa, madirisha ya aluminiamu, vigae sebuleni. Ndani baridi inauma kuliko nje. Dari hakuna, fedha ziliishia kwenye paa. Jiko la mkaa linaingizwa chumbani kila usiku na madirisha yanafungwa kwa sababu ya upepo. Tulimwomba mama mwenye nyumba alitoe lile jiko kabla ya kulala. Akatujibu, "Nikilitoa mtoto anakohoa mpaka asubuhi. Niambieni nifanye nini." Hatukuwa na jibu, na ndiyo sababu ya ujumbe huu.

Tuanze na hilo la jiko, maana halisubiri bajeti. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mtu anahisi usingizi tu, na wengine hawaamki. Mjumbe wa shina, pita nyumba kwa nyumba useme: jiko halilali chumbani.

Sasa kwenye hoja yenyewe. *Tawi linataka kila nyumba mpya inayojengwa kwa fedha za umma mkoani Rukwa iwe na masharti ya kuhifadhi joto, kupunguza joto na kutumia nishati kidogo, na masharti hayo yaandikwe ndani ya makadirio ya ujenzi tangu mwanzo.* Yakiachwa yaje mwishoni kama zawadi "fedha zikibaki", tunajua fedha hazibaki.

Ramani za nyumba za watumishi hutoka juu zikiwa za namna moja. Sisi hapa Sumbawanga tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Muze au Mtowisa, umeshuka karibu mita 1,000 na unatafuta kivuli. Laela na Mtowisa ziko halmashauri moja, Sumbawanga Vijijini, lakini muuguzi wa Laela anatetemeka na mwenzake wa Mtowisa analala nje kwa joto, kwenye nyumba zilizotoka karatasi moja. Lile dirisha la kutelezesha linalosifiwa sana hufunguka nusu tu. Kule bondeni ni sawa na kumpa mtu nusu ya hewa. Babu zetu Wafipa walijenga malungu marefu ya kuyeyushia chuma yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Sisi watoto wa shule tumeshindwa kupitisha upepo chumbani.

Yako mambo yasiyohitaji hata shilingi. Juni na Julai jua la mchana kwetu linapita upande wa kaskazini. Nyumba ya huku juu ikielekezwa sebule na vyumba vya kulala kaskazini, inapata joto la bure mchana kutwa. Ya bondeni isipokee jua la jioni kwenye dirisha la magharibi, na paa lake litokeze nje vya kutosha kutia ukuta kivuli. Hayo ni maamuzi ya siku ya kupima msingi. Fundi akishachimba, basi tena.

Mengine yana gharama na hatutaficha. Dari nyumba nzima, plasta ndani na nje, milango na madirisha yasiyopitisha upepo, jiko lenye bomba la kutolea moshi, hita ya maji ya jua. Ndugu mmoja kwenye kikao chetu alisema heri nyumba kumi bila dari kuliko tisa zenye dari, kwa sababu walimu wanaosubiri ni wengi. Hoja yake ina uzito na tulibishana hadi giza likaingia. Wengi wetu tulikubaliana na tisa. Nyumba bila dari inamhamishia mwalimu gharama, naye atailipa kwa mkaa na LUKU miaka yote atakayokaa pale, au ataomba uhamisho.

Angalieni hesabu ndogo. Hita ya maji ya wati 1,500 ikitumika nusu saa kila siku inakula zaidi ya uniti 22 kwa mwezi. Mteja mdogo wa TANESCO anapata bei nafuu kwa uniti 75 tu. Karibu theluthi imeishia kwenye maji ya kuoga, kabla hajapiga pasi. Na umeme wenyewe mkoa wetu umeutegemea kutoka Zambia kwa miaka mingi. Mwaka 2024 ukame ulipoishusha Kariba, tuliona jirani alivyobanwa na mgao. Laini ya TAZA ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi hapa tunaiunga mkono kwa nguvu zote, lakini kuleta umeme mwingi kwenye nyumba inayovuja joto ni kujaza pakacha maji.

Kuhusu tofali: serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Ni ajabu fedha za serikali hiyo hiyo zinunue tofali zilizochomwa kwa magogo, kwenye uwanda wetu usio na miti, huku Msitu wa Mbizi ukitunza maji ya mji. Tofali za udongo na saruji za kufungamana hazichomwi, na wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba amezifundisha miaka mingi. Zitumike.

Wanaosema ni mambo ya Ulaya wawatazame Afrika Kusini. Tangu Aprili 2014 nyumba za ruzuku za wanyonge kule zinatakiwa kuwa na dari yenye kizuia joto juu yake na plasta kwenye kuta. Tahadhari yetu ni moja: masharti yasigeuke muhuri mwingine wa kununua ofisini. Yawe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, fundi wa force account na kamati ya ujenzi ya kijiji wausome na kumkagua nao mhandisi.

Mapendekezo ya bajeti huanzia vijijini na mitaani. Wenyeviti na wajumbe wetu waliomo kwenye kamati za maendeleo za kata waliingize hili kwenye mihtasari sasa, kabla halijafika Baraza la Madiwani. Anayejua nyumba ya mtumishi isiyo na dari kwenye kata yake atutumie jina la kata na idadi ya nyumba, bila majina ya wakazi wala picha za ndani, kabla ya kikao cha Jumamosi saa 9 alasiri.

Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi,
Sumbawanga.