Mkanda wa Saa na Maji ya Udhu



Ama baad. Ndugu msomaji, wiki iliyopita niliahidi kuendelea na haki za jirani, na ahadi ni deni. Hata hivyo nakuomba uniwie radhi, kwani limezuka jambo ambalo nimeona si vyema lingoje. Limezuka nyumbani kwa dada yangu mkubwa. Yeye mwenyewe amenipa idhini ya kulieleza, kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Sharti nimelikubali, ingawa katika mtaa wetu hapana atakayeuliza ni nani.

Dada yangu ana maradhi ya moyo kwenda mbio, na daktari alimwambia ajitahidi kujua mapigo yake yanavyokwenda. Mwanawe anayefanya kazi Doha aliposikia hayo, alimletea mamake zawadi mwezi wa Shaaban: saa moja katika hizi waziitazo saa janja, zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo. Mkanda wake ni wa mpira laini, duara moja kamili, hauna kifungo wala tundu. Huvutwa, ukapitishwa kiganjani kama bangili, kisha ukaachiwa ubane kwenye kifundo cha mkono. Mpwa wangu alikisia kipimo kwa kuangalia picha za harusi. Mamake alipoulizwa kwa simu kama imemkaa vizuri, akajibu: "Imenikaa sawasawa, mwanangu, Mungu akuzidishie." Mama gani angejibu vingine?

Mimi nami niliiona. Nimekula kwake chakula cha mchana Ijumaa nyingi tangu hapo, na siku moja hata niliisifu. Nilisifu kitu nisichokitazama.

Wiki hii, baada ya kunitilia chai, akaniuliza kana kwamba ni jambo dogo: "Mwalimu, saa hii si hukumu moja na khofu? Mimi naipangusa juu kwa maji, nikamaliza." Nikamuuliza kwa nini haivui. Akanionyesha mkono. Pembeni mwa mkanda nyama ilikuwa imefura, na chini yake ngozi ilikuwa imefanya mstari mwekundu. Mwanzoni alikuwa akiivua kila anapotawadha, na mwezi wa Ramadhani wote aliivua. Lakini alipomaliza kufunga sita ya Shawwal, mikono yake ilianza kujaa jioni, na kuivua kukawa ni maumivu. Ndipo akajitolea fatwa yeye mwenyewe. Na alipokuwa akiniuliza, mwezi wa Mfunguo Pili ulikuwa ukielekea ukingoni.

Nilimwomba atawadhe mbele yangu kama atawadhavyo siku zote. Alipomaliza, mkewe mwanawe akaleta sabuni na maji, akaitelezesha ile saa polepole kama wafanyavyo wauza bangili. Chini ya mpira palikuwa na unyevu kidogo upande mmoja tu. Chini ya uso wa saa palikuwa pakavu, na vumbi jeupe la sabuni ya zamani limeganda. Hakuna aliyesema neno. Dada yangu akafunika mkono kwa mtandio.

Nieleze hukumu yenyewe, kwani najua si yeye peke yake. Kuosha mikono pamoja na visugudi ni faradhi iliyotajwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 6, na faradhi hiyo haitimii ikiwa sehemu ya ngozi, hata iwe ndogo, haikufikiwa na maji. Imepokewa na Imamu Muslim kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mahali padogo kiasi cha ukucha mguuni mwake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha arudi akautengeneze udhu wake. Kupangusa juu ya khofu ni ruhusa iliyokuja kwa ajili ya miguu, kwa masharti yake na muda wake: mchana na usiku kwa aliye mjini, siku 3 kwa msafiri. Kupangusa juu ya bandeji ni ruhusa ya mwenye jeraha. Saa si khofu wala si bandeji. Hukumu yake ni ile ya pete na bangili: ikiwa imelegea na maji yanapita chini yake, udhu umeswihi, na kuisogeza ni jambo jema. Ikiwa imebana na maji hayapiti, ni wajibu kuisogeza mpaka yapite, au kuivua. Josho la janaba na la kutoka katika hedhi au nifasi ni vivyo hivyo. Na katika kutayamamu jambo ni zito zaidi, maana vumbi halitiririki kama maji. Hapo saa ivuliwe, basi.

Aliyetawadha akamaliza, kisha akakumbuka kwamba chini ya saa hapakupata maji, haimlazimu aanze upya kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii. Aoshe pale palipobaki, apake kichwa tena na aoshe miguu tena, ili mpangilio usivunjike.

Sasa swali lililomfanya dada yangu afunike mkono: na sala zilizopita? Hapa nawasihi akina mama mtofautishe shaka na yakini. Mtu akishamaliza ibada yake kisha akaingiwa na shaka, "sijui maji yalifika, sijui hayakufika," shaka hiyo haimdhuru, wala asiifungulie mlango, kwani wasiwasi ni ugonjwa na wanawake wacha Mungu wengi wamechoshwa nao. Lakini dada yangu hakuwa na shaka. Tuliona kwa macho. Zile za Shaaban na Ramadhani ziko salama, kwa sababu alikuwa akivua. Tangu alipomaliza sita, tulihesabu pamoja kwa kutumia siku alizokwenda kliniki na siku ya akika ya mjukuu, tukapata siku 50. Siku 50 ni sala 250.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi niandikie kwenye karatasi, nisije nikapunguza." Tukakubaliana kwamba kila faradhi ya wakati wake aifuatishe na mbili za kulipa. Kwa siku ni sala 10, na kwa siku 25 deni limekwisha, Mungu akimpa uhai. Karatasi imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba chake, na mjukuu wake mdogo ndiye anayepiga alama kwa kalamu nyekundu.

Huyo mjukuu ndiye aliyetuaibisha pia. Wakati sisi watu wazima tunatoa jasho na sabuni, alikuwa amesimama mlangoni akitutazama. Tulipomaliza akaichukua saa, akaigeuza, akabonyeza kitufe kidogo mgongoni mwake, na mkanda ukachomoka upande mmoja. "Nyanya, mbona hukuniuliza?" Basi aliye na saa ya namna hii na imemganda mkononi, atafute kitufe hicho kabla ya kutafuta mkasi.

Turudi kwenye mkanda wenyewe, maana chanzo cha yote ni kipimo. Mama zetu wanajua kununua bangili kuliko wanavyojua wauza saa. Bangili ya kioo hainyumbuki, na kwa hivyo huchaguliwa kwa upana wa kiganja kilichokunjwa, si kwa kifundo. Ikishapita kiganja, huko ndani huchezacheza, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mkanda wa mpira unatakiwa ufanye mambo mawili yanayopingana: upanuke upite kiganja, kisha urudi ushike kifundo. Ukichaguliwa kwa kutazama kiganja utalegea, na ukichaguliwa kwa kutazama kifundo cha asubuhi peke yake, jioni utauma.

Kampuni ya Apple ilipoutoa mkanda wake wa duara mwezi wa Septemba 2020, iliuweka katika vipimo 12: saa ndogo ilipewa namba 1 hadi 9, na kubwa namba 4 hadi 12. Wingi huo wa vipimo peke yake wakuambia kwamba mkanda usio na tundu hausamehe makosa. Mkanda wa tundu ukikosea leo, wasogeza tundu moja. Huu hauna pa kusogeza.

Kupima si kazi ngumu. Kata ukanda wa karatasi wenye upana wa kama sentimita 2, uzungushe mahali saa inapokaa hasa, yaani juu kidogo ya ule mfupa uliochomoza, upande wa kuelekea kisugudi. Uvute mpaka uguse ngozi pande zote bila kuikunja, utie alama ya kalamu, kisha uulaze juu ya rula. Futi ya fundi cherehani nayo yafaa. Uzi haufai sana, kwa kuwa huzama katika nyama ukatoa kipimo kidogo kuliko kilivyo. Ukitumia karatasi ya kupimia inayochapishwa kutoka kwenye mtandao wa kampuni, mwambie kijana wa saiba achapishe kwa asilimia 100, kwani mashine ikiipunguza karatasi kidogo tu, namba utakayoipata ni ya uongo.

Upime lini? Watu wengi hupima asubuhi wakiwa wametulia. Kwetu pwani, penye joto na unyevu, mkono wa asubuhi na mkono wa magharibi si mkono mmoja. Pima mara mbili, asubuhi na jioni, kwa siku ya kawaida uliyosimama jikoni. Tofauti ikiwa ndogo, mkanda wa duara wakufaa, na kipimo kikianguka kati ya namba mbili chukua iliyo ndogo, kwa kuwa mpira hulegea kadiri unavyovutwa. Nasema mpira unaovuliwa mara tano kwa siku hulegea mapema zaidi kuliko wa asiyeswali! Lakini tofauti ikiwa kubwa, au ukiwa na mimba, au una maradhi yanayojaza mikono na miguu, usiuchukue kabisa. Chukua wa kifungo na tundu, au ule wa kitambaa unaobandikwa na kubanduliwa, ambao waweza kuulegeza hata ukiwa umeshika mtoto. Na mkono uliofura ghafla si shauri la fundi saa. Dada yangu amerudi kwa daktari, na dawa zake zinaangaliwa upya.

Wengine wameniuliza: kwa nini basi isivaliwe imelegea kama bangili, maji yapite, tukapumzika? Ni kwa sababu ya kazi yenyewe. Saa hizi hupima mapigo kwa taa ndogo za kijani zilizoko mgongoni mwake. Damu hunywa mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga, damu hupita kwa wingi kifundoni, mwanga unaorudi ukapungua. Saa husoma kupungua na kuongezeka huko. Ikilegea, mwanga wa nje huingia na saa husoma visivyokuwapo. Ikibana kupita kiasi, damu yenyewe huzuiliwa, na ngozi hubaki na jasho na sabuni mpaka iwashe. Kwa hivyo wakati wa kupima ikae imegusa ngozi, na wakati wa kutawadha itoke. Hayo ni mambo mawili na kila moja lina wakati wake. Alama iliyobaki ngozini muda mrefu baada ya kuivua, au saa inayotelezea upande wa kiganja unapogeuza mkono, ni dalili kwamba kipimo si chako. Baada ya udhu futa mkono na mgongo wa saa kwa kitambaa kikavu ndipo uivae tena. Na ieleweke kwamba saa hii si daktari. Kifua kikiuma, nenda hospitali, hata kama namba zake ni nzuri.

Mabinti wameuliza pia kama mume au ndugu aweza kuvaa saa ya dhahabu walizomnunulia. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, saa au si saa. Hilo halihitaji mlango mpya.

Nilimpigia simu mpwa wangu Doha, kwa idhini ya mamake. Alisikitika sana, akasema, "Mjomba, mbona mama aliniambia imemkaa sawasawa?" Nikampa simu mamake, nikatoka barazani. Niliporudi walikuwa wamekwisha kupatana. Tulimpima kwa futi ya fundi: sentimita 17 asubuhi, na 18 na nusu baada ya laasiri. Amemwagizia mkanda wa kitambaa wa kubandua, na mpaka ufike, saa imelazwa juu ya kabati kando ya msahafu. Jana jioni nilipopita, karatasi ya nyuma ya mlango ilikuwa na alama nyekundu 40.

Haki za jirani tutaziendeleza wiki ijayo, inshallah. Wallahu aalam.