Kompyuta ya zamani isipimwe kwa kilo

DIRISHA LA MAGOGONI
Na Rehema Pazi

Mwaka 1974, baada ya mtambo wa hesabu wa Hazina kuleta vurugu, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo maana Commodore 64 na ZX Spectrum, zilizotoka 1982 zikauzwa kwa mamilioni ughaibuni, hazikuzoeleka sebuleni Dar es Salaam. Kompyuta za kale tulizonazo, nyingi zikiwa za ofisini zilizoingia vizuizi vilipolegea, ni chache, na chache hizo leo zinaishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Nasema zifufuliwe, na pa kuzifufulia ni Kariakoo.

Fundi simu wa Mtaa wa Aggrey hubadili kioo, betri na tundu la chaji. Kinachobaki kimefungiwa ndani ya chipu asiyoweza kuifungua. Bodi ya mwishoni mwa miaka ya 1980 haimfichi hivyo. Chipu zake zina miguu inayoonekana kwa macho, na njia ya umeme inafuatika kwa mita mpaka penye hitilafu. Hata maradhi yake yanajulikana: betri ya saa, kipipa kidogo cha nikeli na kadimiamu, huvuja, na majimaji yake hutambaa yakila shaba mpaka bodi inaota ukijani na njia zinakatika. Betri ing'olewe, pale palipoliwa papakwe siki kuua ukali, pasafishwe kwa spiriti, kisha njia ziungwe kwa waya mwembamba. Anayeimaliza kazi hiyo ameuona umeme unavyotembea, jambo ambalo simu haimfundishi.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa wenye nazo, na mwanafunzi anataka kompyuta mpya. Anataka, tena ana haki. Ila hakuna darasa litakaloikosa kwa sababu fundi kanunua kapasita mbili. Hoja ya hatari ina uzito zaidi. Monita ya chogo huweza kubaki na volti maelfu hata ikishachomolewa, na asiyefundishwa asiifungue. Lakini kijana anayeiponda kwa nyundo akitafuta shaba yumo hatarini vilevile, na hakuna aliyemwonya.

Makumbusho ya Taifa, pale Mtaa wa Shaaban Robert, yametunza magari ya viongozi wetu. Kompyuta ya ofisi ya umma nayo ipewe kona humo, tena ikiwa inawaka, na jina la fundi aliyeiwasha liandikwe kando yake. Kabla ofisi haijapeleka mali chakavu mnadani, imwite fundi kwanza achague.