Yatima wa Mocímboa wana ndugu, tuwatafute

Ramadhani ikikaribia, wafanyabiashara wa mpakani huchangishana. Mchele, mafuta, sabuni na madaftari vinapakiwa, vinapelekwa kituo cha yatima, tunapiga picha na watoto, kisha kila mtu anarudi dukani kwake. Sadaka ni njema na simkatazi mtu kuitoa. Ninachohoji ni mahali tunapoipeleka, hasa tunapozungumzia watoto wa Mocímboa da Praia.

Mji ule ulishambuliwa kwa mara ya kwanza Oktoba 5, 2017. Agosti 2020 ukatekwa, ukakaa mikononi mwa wapiganaji karibu mwaka mzima, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa Agosti 8, 2021. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua, mama huku, mtoto kule. Katika mkoa mzima wa Cabo Delgado, waliohama makwao walifikia karibu milioni moja. Wapo waliovuka Ruvuma kuja Tanzania, na maelfu wakarudishwa kupitia Negomano, jambo ambalo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililalamikia mwaka 2021. Wapo pia watoto waliotekwa na kushikishwa bunduki.

Katika vurugu kama hiyo, mtoto anayeokotwa peke yake huitwa yatima haraka mno. Huenda mama yake yuko kambini Metuge, shangazi yuko Mtwara na mjomba ameshaanza tena kuvua Palma. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto wengi wanaolelewa vituoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kilichowapeleka pale ni ufukara, au kutengana ambako hakuna aliyekaa chini kukufuatilia.

Msumbiji yenyewe ilishalijua hili. Vita vya 1977 hadi 1992 viliacha watoto wengi mno bila wazazi, na serikali, badala ya kujaza nchi vituo, ikachagua kuwatafutia ndugu. Watu wa kujitolea walipita vijijini wakiuliza majina ya wazazi, ya mito, ya machifu. Maelfu ya watoto wakarudi kwa jamaa zao, na asiyepatiwa ndugu akapokelewa na familia nyingine. Rwanda nayo, ambayo askari wake ndio hao wanaolinda Mocímboa, ilianza mwaka 2012 kufunga vituo vya watoto na kuwahamishia katika familia. Kwa hiyo wazo hili halikuletwa na mzungu kwenye semina.

Sisemi vituo vyote vifungwe kesho. Mtoto aliyetoka msituni na majeraha, au ambaye ndugu zake wanamwogopa kwa sababu aliishi na wapiganaji, anahitaji pahali salama pa kupumulia na mtu anayejua kumtuliza. Lakini pawe pahali pa kupita, si pa kukulia hadi ndevu zimwote.

Hapa ndipo sisi tunapoingia. Nani anazijua koo za pande zote mbili kama muuza dagaa, mwenye mashua, au mama wa khanga anayevuka Kilambo kila wiki? Kimwani cha Mocímboa na Kiswahili cha Mtwara vinakaribiana. Mmakonde wa Newala ana binamu Mueda. Jina la babu na jina la mtaa, likipita kwa wafanyabiashara kumi, hufika mbali kuliko tangazo la redio. Msalaba Mwekundu wana kazi ya kuunganisha familia zilizotenganishwa na vita, wapelekeeni majina hayo. Upande wa Msumbiji ipo pia ofisi ya wilaya inayoshughulikia afya, wanawake na ustawi wa jamii. Picha ya mtoto msiisambaze kwenye makundi ya simu. Waliomteka nao wana simu.

Na lile gunia? Mpelekeeni bibi anayelea wajukuu sita juu ya wanawe, katika nyumba ambayo nusu ya bati lake limeibwa. Huyo hana kibao mlangoni wala akaunti ya michango, na wiki atakayoshindwa kuwalisha ndiyo wiki mmoja wao atakayoanza kuitwa yatima.

Liko jambo jingine ambalo hatupendi kulitaja. Baadhi yetu "tumewasaidia" watoto hawa kwa kuwavusha wakachunge duka, wabebe mizigo au waoshe vyombo, bila shule wala mshahara. Huo ni utumwa, hata kama mtoto anakuita baba. Ukiombwa na mtu usiyemjua umpakie mtoto asiye na karatasi, uliza ni wa nani na anakwenda kwa nani, kisha mfikishe ustawi wa jamii kabla mashua haijaondoka.

Serikali zetu mbili zinakaa meza moja SADC, na Daraja la Umoja lipo tangu 2010. Lori la korosho lina fomu yake ya kuvukia. Mtoto anayerudishwa kwa shangazi yake ng'ambo ya mto naye apatiwe fomu yake, yenye mhuri unaotambulika pande zote mbili.